Vituo 12 kwa saa 2? Mjomba anakataa

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na habari moja: watu wanasafiri, wanataka kukodi mpiga picha awe wao peke yao, awatembeze katikati ya mji wa kale huku akiwapiga picha. Kazi hiyo nimeifanya miaka 22. Magoti yalipokataa ngazi ndipo nikakaa kitako nikaanza kujibu barua. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu mwenyewe ameniudhi kidogo.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mimi na mume wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa na tumelipia mpiga picha wa kututembeza mji wa kale kwa saa 2. Nimeshaandika vituo 12: uwanja mkuu, mnara wa saa, daraja, lango la zamani na vinginevyo. Nguo nimepanga 4. Tatizo ni mume. Akiona kamera anakakamaa kama anapigwa picha ya pasipoti. Nimfanyeje? — *Mama wa Nguo Nne*

JIBU: Marahaba, mpwa wangu, na hongereni. Mumeo hana tatizo. Tatizo ni orodha yako, kwa hiyo tuanze nayo.

Saa 2 ni dakika 120. Nguo 4 maana yake utabadilisha mara 3. Hata ukiwa na mikono myepesi na ukapata pa kubadilishia, hesabu dakika 10 kila mara: 30 zimekwenda. Kati ya vituo 12 kuna safari 11. Tuseme kila moja ni dakika 5, na hapo sijahesabu kumpisha mtu mwenye mkokoteni: nyingine 55. Umebakiwa na dakika 35 za kupigwa picha, yaani hazifiki 3 kwa kila kituo. Kwa dakika 3 mumeo hata kukakamaa hajamaliza.

Chukua vituo 3. Kimoja kiwe kile chenye jina, uwanja au mnara, ili wajukuu waamini mlifika. Kimoja kiwe mahali pa kukaa. Cha tatu kiwe kichochoro kisicho na jina, na hicho usikichague wewe, mwachie mpiga picha. Huko ndiko hela yako inakofanya kazi. Kamera nzuri siku hizi kila mtu anayo. Usichokuwa nacho wewe ni habari za ukuta gani unashika jua saa ngapi, na mlango upi hufungwa gari la mizigo likishapita. Mtu huyo ameitembea mitaa hiyo mara mia kabla yako, nawe unakodi miguu yake.

Nikupe mfano. Kichochoro chembamba saa 6 mchana. Chini kuna kivuli kizito, juu ukuta wa upande mmoja unawaka jua. Mgeni atakwambia hapa hapafai, twendeni kwenye uwanja, na huko jua la utosi litawachimbia mashimo meusi machoni. Mwenyeji atakusogeza hatua moja ndani ya kivuli, akugeuze uso uuelekee ule ukuta unaowaka. Kama ukuta ni mweupe au wa rangi ya maziwa, mwanga unaruka kutoka kule na kukushukia usoni laini kabisa. Akikuangalia karibu ataona kidirisha kidogo cha mwanga ndani ya kila jicho lako. Akishakiona tu, anapiga. Lakini ukuta ukiwa na rangi kali, nayo inaruka pamoja na mwanga. Niliwahi kumsimamisha bibi harusi mbele ya ukuta wa kijani, nikafurahia mpangilio wa madirisha, nikasahau shavu. Picha zote akawa kama mtu aliyeshuka melini sasa hivi. Nilikesha siku mbili nikisahihisha uso mmoja mmoja.

Halafu kuna saa. Usimwulize mpiga picha "tuanze saa ngapi inayokufaa", mwulize "hapo mahali panakuwa patupu saa ngapi". Chukua Prague, mji mkuu wa Ucheki. Ile saa kubwa ya nyota kwenye ukumbi wa mji, iliyowekwa mwaka 1410, hutoa sanamu za mitume kila saa inapogonga, kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 5 usiku. Dakika chache kabla ya hapo watu hujazana chini yake wameinua simu, na sanamu zikishaingia ndani umati unayeyuka. Anayejua atakufikisha pale saa ikishapita robo. Asiyejua atakufikisha ikikaribia kugonga, mpigwe picha na viwiko vya watu. Daraja la Charles, umbali mfupi kutoka hapo, lilianza kujengwa mwaka 1357 na lina sanamu 30. Alfajiri unaweza kuzihesabu moja moja. Saa 4 asubuhi utahesabu vichwa.

Na usinakili saa za mtu mwingine kutoka kwenye mtandao. Ule mwanga wa dhahabu unaosifiwa hupatikana jua likiwa chini, tuseme nyuzi 6 hivi juu ya upeo wa macho. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo nyuzi 6 za mwisho zinakwisha kwa dakika 25 hivi. Ukichelewa kwa kufunga vifungo umeukosa. Kaskazini kwenye latitudo ya nyuzi 50, kama hiyo Prague, katikati ya Juni jua hushuka mshazari na mwanga uleule hudumu karibu mara mbili ya hapo. Mwezi na mahali ndivyo vinavyoamua.

Sasa turudi kwa mumeo. Usimwambie atabasamu. Mtu akiamrishwa kutabasamu hutoa meno tu, macho yanabaki nyumbani. Mpe kazi. Abebe koti lako. Akusimulie, kwa sauti ya chini, mambo yalivyoharibika siku ya harusi yenu, maana kila harusi ina lake. Tembeeni polepole kuelekea kwa mpiga picha, yeye akiwa mbali na lenzi ndefu kidogo, milimita 85 hivi, ili mumeo asahau kwamba kuna mtu. Wanaume wengi hawaogopi kamera. Ni mikono tu, hawajui waiweke wapi. Kidole gumba kwenye mfuko, mkono wa pili ukushike wewe, basi, yamekwisha.

Dakika 15 za kwanza usidai picha nzuri. Mimi nilikuwa nawaambia wateja, "Endeleeni kuongea, hapa najaribu mwanga tu." Ulikuwa uongo mdogo, Mungu anisamehe. Nilikuwa napiga kwelikweli, na picha waliyoitundika ukutani mara nyingi ilitoka humo.

Nguo chukua 2, ya pili iwe ya kuvaa juu ya ile ya kwanza. Kwenye viatu ndipo usifanye ubahili: jozi 2. Mawe ya barabara za kale yamesuguliwa na karne za nyayo, yanateleza, na kisigino chembamba huzama katikati yake kama msumari. Tembea na vya bapa, vaa vya kisigino mkifika. Na mkoba uusimamishe nyuma ya mpiga picha. Nimeona picha nzuri sana zenye mfuko wa plastiki pembeni.

SWALI: Mjomba, naona picha za viwanja maarufu mchana kweupe na hakuna hata mtu mmoja. Wanawafukuza? — *Mdadisi*

JIBU: Hawafukuzwi, wanafutika wenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake kwenye barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris. Barabara ilikuwa na pilika, magari ya farasi na watu wakipita. Lakini picha ya enzi hizo ilihitaji dakika kadhaa kujiandika kwenye bamba, na kila kilichokuwa kinatembea hakikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Barabara ikatoka tupu. Aliyebaki ni bwana mmoja pembeni, mguu ameuinua anang'arishiwa kiatu, na mbele yake kivuli cha aliyekuwa anakifuta. Inatambulika kuwa picha ya zamani kabisa inayojulikana yenye binadamu ndani yake, na bwana mwenyewe pengine alikwenda zake bila kujua.

Wapiga picha wa leo hufanya vilevile kwa makusudi. Wanaweka filta nyeusi mbele ya lenzi ili kamera iweze kubaki wazi kwa sekunde nyingi au dakika nzima, kamera inakaa kwenye stendi, wapita njia wanageuka moshi au wanapotea kabisa. Wengine hupiga fremu, yaani picha, 20 au 30 za mahali palepale na kuiachia kompyuta ichague kinachojirudia katika kila fremu, yaani majengo. Ila katika njia ya kwanza wewe mwenyewe utatakiwa usimame kama yule bwana wa kiatu. Wenye watoto wadogo, nawatakia heri.

Kwa picha za matembezi mimi nilitumia njia ya kimaskini: nachuchumaa, naelekeza kamera juu kidogo, miili yenu inawaziba watu na paa linabaki. Usizidishe tu. Ukiinua kamera sana kuelekea juu, minara nayo inaanza kulala chali.

SWALI: Tulizuiwa na mlinzi mbele ya jengo la kale. Akauliza kibali, mpiga picha wetu akasema hajui habari za kibali. Tukapoteza dakika 40 tukibishana, na hela hatukurudishiwa. Kosa la nani? — *Aliyeaibika*

JIBU: La mpiga picha. Ndiyo maana anaitwa mwongozaji. Angekuwa wa kushika kamera tu mngemwomba mpita njia.

Kila mji una masharti yake, na mengi yanaanza pale unapoonekana uko kazini: stendi ya kamera, taa, gauni la harusi, droni. Mtalii na simu yake hapati shida. Tandika stendi hapohapo uone. Mengine hata hayahusu kamera. Roma, tangu mwaka 2019, kukaa kwenye zile ngazi maarufu za Piazza di Spagna ni marufuku. Faini inaweza kufika euro 250, na 400 ukichafua au kuharibu. Sasa fikiria ni picha ngapi za zamani mtandaoni zinaonyesha watu wamekaa pale wamekunja miguu, na ni wangapi wanampelekea mpiga picha wao wakisema "nataka kama hii". Mwongozaji mzuri atakwambia hapana kabla hujapanda ndege.

Wakati mwingine kinacholindwa ni mwanga wenyewe. Mnara wa Eiffel ulifunguliwa mwaka 1889 na mwenye jina alifariki mwaka 1923, hakimiliki ya mnara imeshakwisha, hivyo mchana kuuza picha yake hakuna neno. Usiku ni habari nyingine: taa zile zinalindwa kama kazi ya sanaa yenye wenyewe, na kuitumia picha hiyo kibiashara kunahitaji ruhusa. Albamu yako ya nyumbani haimsumbui mtu. Lakini mpiga picha akitaka kuiweka kwenye tangazo lake, hilo si lako kulibeba.

Nisijifanye malaika. Kuna familia niliipeleka kwenye ua mmoja wa kale ambao nilikuwa nimepiga picha humo zaidi ya mara kumi. Nikajiamini, sikupita siku moja kabla. Tukaingia, tukakuta mafundi wanafunga jukwaa la muziki, vyuma kila mahali, lori limerudi nyuma hadi mlangoni. Baba wa watu alikuwa amevaa suti, mama amempamba mtoto tangu alfajiri. Niliwarudishia nusu ya malipo na sikujaribu kueleza. Mpiga picha wenu naye alitakiwa kufungua mfuko.

SWALI: Mpiga picha alipiga mamia, akanipa 45. Nikiomba zilizobaki anakataa. Halafu nimekuta uso wangu kwenye ukurasa wake wa biashara, hakuniuliza. Picha ni zangu au zake? — *Sura Ni Yangu*

JIBU: Umenijia na mashauri mawili kwenye kapu moja. Tuyatenganishe.

Picha, kwa kawaida, ni za aliyebonyeza. Mkataba wa Berne, ambao ulitiwa saini mwaka 1886 na nchi nyingi duniani zimo, unampa mtunzi hakimiliki bila kujisajili popote, na kwa picha unataka ulinzi usiopungua miaka 25 tangu ilipopigwa. Nchi nyingi zimeongeza. Kwa hiyo wewe umenunua nakala na ruhusa ya kuzitumia, isipokuwa mliandikiana vinginevyo.

Uso ni shauri jingine, na hapa sheria hutofautiana sana nchi kwa nchi. Kanada, mwaka 1998, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya msichana aliyekuwa na miaka 17 alipopigwa picha akiwa amekaa kwenye ngazi za jengo huko Montreal, ikachapishwa na gazeti la sanaa bila idhini yake. Ilikuwa mahali pa wazi, picha haikumtukana, na bado mahakama, kwa sheria za Quebec, ilimpa haki na fidia ya dola 2,000. Kwingine angeshindwa. Ndiyo sababu nasema mstari mmoja wa maandishi kabla ya siku yenyewe, "picha zangu zisiwekwe mtandaoni bila kuniuliza", unafaa kuliko wakili baadaye. Kwa sasa mwandikie kwa upole aiondoe. Wengi huondoa. Hawataki kelele chini ya picha.

Kuhusu hizo 45, samahani, niko upande wake. Saa 2 za kutembea huzaa mamia ya fremu kwa sababu tunapiga tatu nne za kila pozi tukikwepa jicho lililofumba. Kudai zote ni sawa na kumdai fundi cherehani na vipande alivyokata. Ungemuuliza mapema: nitapata ngapi, lini, na za ukubwa gani? Hilo la ukubwa watu hulisahau. Ukitaka kuchapa picha ya sentimita 30 kwa 20 itoke safi, unahitaji pikseli, vile vidoti vinavyoijenga picha, kama 3,500 kwa 2,400. Mpiga picha akikutumia kwa programu ya ujumbe, inabanwa njiani, kwenye simu inang'aa lakini ukutani inakuwa ukungu. Mwambie akupe mafaili yenyewe kwa kiungo cha kupakua, uyahifadhi sehemu mbili.

SWALI: Nasafiri peke yangu, mwanamke, miaka 51. Natamani kupigwa picha hizi lakini naona haya. Si watu watanitazama? Na nitajuaje kama huyo mtu ni wa kuaminika? — *Nani Atanishika Mkono*

JIBU: Watakutazama kwa hatua tatu, kisha watarudi kwenye simu zao. Kwenye mji wa kale wewe ni mtu wa tano anayepigwa picha asubuhi hiyo.

Wateja niliowapenda kuliko wote ni waliokuja peke yao. Wawili hutazamana, mmoja hutazama mji. Mmoja, makamo kama yako, alisimama kwenye mlango wa mbao uliochakaa akaweka kiganja juu ya kitasa cha shaba, kile kilichofutwa na mikono hadi kikawa cheupe katikati. Hakuwa anajipanga, alikuwa anakigusa tu kujua kina baridi kiasi gani. Sikusema neno, nikapiga mbili. Uso hauonekani sana. Aliichagua hiyo kuwa ya kwanza.

Kuhusu kuaminika, usitazame picha zake 10 bora, hizo hata mimi ninazo. Mwombe akuonyeshe matembezi mazima ya mteja mmoja aliyeridhia, tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo utaona kama anajua kazi au alibahatika. Mkutane mahali pa wazi penye watu, usipande gari lake, na mtu wa nyumbani awe na njia mtakayopita pamoja na saa ya kumaliza. Akikasirika kwa kuulizwa hayo, umeshapata jibu. Na picha ukizituma mtandaoni, ngoja mpaka umeondoka mji huo. Za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali hasa zilipopigwa.

Chini ya barua umeongeza mstari mmoja kwa kalamu nyingine: "Na ikinyesha?" Usighairi. Mvua ikikata, mawe ya barabara yanakuwa kioo, taa za mtaani zinawaka mara mbili, juu na chini, na uwanja unabaki wenu wawili na njiwa. Omba tu msogeze muda mpaka giza linapoanza kuingia. Mwavuli chukua mweupe au wa plastiki inayopenya mwanga, maana mweusi utakuzimia uso.